Difu Iliyolalamika Kwenye Kona

Ndugu zangu mliobaki karakana, siku mliponiaga mlinitaka niseme neno, nami nikasimama na soda mkononi, nikasema ahsanteni, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mimi maneno hunijia baadaye, watu wakishatawanyika. Sasa niko nyumbani hapa Kibiti, mikono imeanza kutakata hata mke wangu anaishangaa, na simu zenu haziishi: fundi Mkumba, hili gari la tabo oili gani iende wapi? Basi nimeona niandike. Nitayaeleza kwa mfuatano nilivyoyajua, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuyajua kwa siku moja.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Mnazijua, na hazimsaidii mtu aliyelala chini ya gari.

Nilipoingia karakana mara ya kwanza nilidhani nitapewa spana. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Mzee Ngwele, Mndengereko wa upande wa Nyamisati, ambaye kabla ya kuhamia kwenye magari alikuwa akitengeneza mashine za boti. Hakunipa spana. Alinikalisha kwenye kreti, akanipangia vibakuli vya oili mbele yangu, akaniambia ninuse kimoja kimoja na kusugua tone kati ya vidole. Oili ya gia ilinuka salfa, kama yai lililoharibika. Haidroliki ilikuwa nyekundu, nyepesi, na harufu yake haichukizi. Mafuta ya breki yalikuwa na utelezi wa ajabu, tofauti na wa maji matupu, na yalipodondokea ubao wa dirisha yalibandua rangi tukiangalia. Nilishinda na vibakuli vile siku nzima. Jioni mama aliniwekea wali na samaki, nikauona wali unanuka salfa, naye akaniuliza nimeajiriwa wapi hasa.

Kesho yake Mzee Ngwele akanieleza sababu. Alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana nayakumbuka. "Injini ukiikosea itakupigia kelele siku hiyo hiyo," aliniambia. "Giaboksi na difu zitanyamaza, zitakuharibikia mbele ya watu." Difu, ile inayoyagawia magurudumu nguvu ya injini, ilikuwa bado jina tu kwangu.

Alinifundisha pia kufungua nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia. Jambo dogo, lakini limewaumbua wengi. Mwenzetu mmoja alimwaga oili yote ya difu ya gari lililokodiwa kumbeba bibi harusi kwenda Nyamwage, kisha akakuta nati ya kujazia imeliwa na kutu na haitoki kwa spana wala kwa nyundo. Gari likabaki juu ya jeki, kavu kabisa. Bibi harusi alikwenda kwa lori la nazi, akiwa mbele na dereva, na walivyonisimulia alicheka safari nzima. Aliyekasirika ni bwana harusi. Tangu siku ile sijawahi kumwaga kitu ambacho sijahakikisha nitaweza kukijaza.

Magari ya mwendo kasi tulianza kuyaona barabara ya kusini ilipowekwa lami. Kabla ya hapo kazi yetu ilikuwa malori, pikapu na magari ya ofisi. Lami ilipofika, vijana wa Dar es Salaam wakaanza kupita na magari madogo yenye tabo ya kuiongezea injini pumzi, yanayovuta magurudumu yote manne, wakielekea Lindi na Mtwara kama wanafukuzwa. Baadhi yao waliishia kwetu.

Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mnunuzi wa korosho. Gari lake lilikataa gia ya tatu; kila akiingiza inasaga kama mtu anayetafuna changarawe. Alikuwa amelifanyia ihsani mwenyewe: alimwaga oili ya giaboksi akaweka ile kali ya difu, akiamini kilicho kikali ndicho bora. Mzee Ngwele alinusa tu akatikisa kichwa. Ndani ya giaboksi ya mkono mna pete za shaba, na kazi ya kila pete ni kuikamata gia kwa msuguano ili izilinganishe kasi kabla haijaingia. Oili kali ya difu huzitelezesha pete zile, zisikamate, na dawa iliyomo, kama haikutengenezwa kwa ajili ya shaba, huitafuna shaba taratibu. Ndiyo maana kwenye kopo mnaona GL na namba nyuma yake. Namba nne mara nyingi ni ya giaboksi zenye shaba, namba tano ni ya difu, na kubwa si kwamba ni bora kuliko ndogo. Ziko zinazoruhusiwa pote, lakini asemaye hivyo awe mtengenezaji wa gari, si muuza duka. Tulimwaga, tukaweka inayostahili, na kwa kuwa hakuwa ameendesha sana, siku chache baadaye gia ya tatu ikaanza kuingia kimya. Alirudi kutuletea korosho, bahati mbaya zikiwa mbichi.

Kisha kuna maji. Ninyi mnaofanya kazi bonde hili hamna haja ya kuelezwa mto unavyofanya masika, lakini wenye magari ya chini hawaelewi. Difu ikikimbizwa kutoka Dar inafika hapa ya moto. Ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kile kipumulio cha juu kinavuta maji badala ya hewa. Dereva anatoka upande wa pili anashangilia kwamba amevuka. Baada ya majuma kadhaa anakuja na difu inayolia, unafungua, inatoka oili iliyochanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Gari lolote lililovuka maji, fungueni mtazame. Kama ni maji ya chumvi ya huko Nyamisati, msingoje hata kesho.

Na kwa zile giaboksi mpya za klachi mbili, ambazo hazina kanyagio la klachi na bado si otomatiki ya kawaida, neno langu ni fupi. Zina oili yake peke yake. Haidroliki nyekundu ya kawaida mkiiweka mle, klachi zitaungua, na mwenye gari atajua jina lako mpaka la babu yako.

Mzee Ngwele aliacha kazi, akarudi kwao kulima mpunga, na kazi za giaboksi na difu zikabaki kwangu. Miaka mingi ilikwenda hivyo. Zaidi ya yote nataka niwaeleze kazi moja, ya karibu na mwisho, ambayo baadhi yenu mliiona kwa nje lakini hamkujua yaliyokuwa ndani.

Mnamfahamu Mzee Seif, mfanyabiashara wa nazi na korosho, yule ambaye ukoo wao una maduka hapa mjini tangu enzi za babu zao. Binti yake Rukia ni mfamasia, anafanya kazi Dar. Rukia alinunua gari lililokwisha kushindana, la tabo, la kuvuta kote, akaanza kushiriki mbio za barabara za vumbi. Alikuwa na kipaji. Waliomwona walisema hivyo. Mwaka huo mbio zilikuwa zinakuja huku kwetu, upande wa Ngarambe, na kwake ilikuwa kama kucheza uwanja wa nyumbani.

Mzee Seif alifika karakana kabla ya gari. Alikuja kwa miguu asubuhi, kanzu nyeupe, akakataa kiti. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana watoto na mvua, kisha akanivuta pembeni kwenye matairi. Akaniambia binti yake ataleta gari, lina ugonjwa kwenye difu ya nyuma, na mafundi wa Dar wamesema difu nzima ibadilishwe, lakini haipatikani kabla ya mbio. Rukia anataka nitazame kama kuna njia.

"Mkumba, mimi sikujia gari," alisema. "Nimekujia mtoto. Mwambie limekufa. Wewe ukisema limekufa ataamini, na yataishia hapo."

Nilimtazama. Alikuwa ameshamzika kaka yake kwa ajali ya barabara hii hii, na Rukia ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki naye karibu. Sikuona ubaya wowote kwa yule mzee. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, ningepata nafuu kubwa kusema neno lile moja. Difu ya nyuma ikijifunga ghafla kwenye kona ya vumbi, gari halina subira. Nikamwambia sitaki kumjibu kabla sijaliona. Akasema sawa, akaenda zake, na sikujua kama amenikasirikia.

Rukia akalileta mchana. "Shikamoo, mjomba," akasema, akashuka mikono tayari imechafuka mafuta ya gari, jambo lililonipendeza. Nilimwomba alizungushe polepole uwanjani. Kwenye mstari ulionyooka lilikuwa kimya kabisa. Alipokata kona, nyuma ikaanza kugugumia na kushtukashtuka, kama mtu anayeburuta kabati la mbao sakafuni. Kila akizidi kukata, linazidi.

Tulilipandisha, nikafungua nati ya kujazia, kisha ya kumwagia. Nati ya kumwagia ya difu ile ina sumaku ncha yake. Kama ndani kuna kitu kinachokatika, sumaku inatoka na vipande. Nilikuta uji mwembamba wa kijivu tu, ule wa kawaida. Nikaufuta kwa kidole nikautazama kwenye mwanga. Hapakuwa na hata chembe kubwa. Oili yenyewe ilikuwa safi, nzito inavyotakiwa, na salfa yake ilinuka sawasawa. Rukia akasema ilikuwa mpya, tena ya hali ya juu, waliiweka baada ya mbio zilizopita.

Hapo nikaanza kuona. Difu za kawaida zina meno tu. Difu ya gari la mbio kama lile ina sahani ndani, zimepangwa kama za klachi, kazi yake kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure wakati jingine limesimama. Kwenye kona sahani zile lazima ziteleze kidogo kidogo. Zinahitaji oili yenye dawa ya kuzitelezesha kwa ulaini. Zikipata oili nyingine, hata iwe nzuri namna gani, zinang'ang'aniana na kuachiana, zinang'ang'aniana na kuachiana. Ndiyo mgugumio ule. Fundi wa Dar hakuwa mjinga: dalili za sahani zilizokwisha ni hizo hizo, na yeye hakuona sumaku, aliisikia sauti tu kwa vile Rukia alikuwa na haraka. Nilimpigia simu tukazungumza vizuri, akanitajia oili ya sahani aliyoizoea na mahali pa kuipata. Akasema nikiona mgugumio haukuondoka baada ya kubadilisha, nisiliruhusu. Tulikubaliana kwa hilo.

Oili ikatumwa na basi la Lindi. Niliposhika kopo pale stendi nikaona ile pete ya mfuniko imekatwa na kurudishiwa kwa gundi. Nikalifungua mbele ya Rukia, nikamimina kidogo kiganjani. Ilikuwa nyepesi mno, na chini ya salfa mlikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Aliyeifungasha hatukumjua na sikuwa na nafasi ya kumtafuta. Nikafunga, nikamwambia hii siiweki.

Mbio zilikuwa zimebaki siku mbili. Rukia akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Mjomba, nawe ushatumwa na baba?"

Nilikuwa nimesali nisiulizwe swali lile. Nikamwambia ndiyo, baba yako alikuja, aliniomba niseme gari limekufa. Baba yako sikumjibu, nilitaka kuliona gari kwanza. Nikamshika mkono nikammiminia oili ile kiganjani mwake, nikammiminia na tone la oili tuliyoimwaga kwenye kiganja cha pili, nikamwambia asugue. Alisugua, akanusa, akanusa tena. Mfamasia anajua dawa iliyochakachuliwa. Machozi yalimlengalenga, nadhani si kwa ajili ya oili.

"Ningetaka kukudanganya ningekudanganya kwa difu," nilimwambia. "Difu yako nzima. Niletee oili."

Alipanda gari la binamu yake akaenda Dar mwenyewe, akarudi kesho yake adhuhuri na makopo aliyoyachagua kwa kuyageuzageuza dukani mpaka muuzaji akachoka naye. Pete zilikuwa nzima. Tuliliweka gari sawa juu ya stendi nne, lisiinamie upande wowote, kwani likiinama kipimo kinadanganya. Nikajaza mpaka oili ikaanza kuchuruzika yenyewe kwenye tundu, nikaiacha imalize kuchuruzika, nikafunga.

Kisha tukaenda uwanja wa mpira. Nilimwambia aendeshe mwendo wa mtu anayetembea, achore nane kubwa, kushoto na kulia, bila kuacha. Sahani zinataka muda wa kuinywa oili. Mzunguko wa kwanza lilinguruma vile vile. Wa pili pia. Mzee Seif alikuwa amekuja. Alisimama upande wa pili wa goli, mikono nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Rukia kwamba haliendi, na nilikuwa nayatunga kwa huzuni, nikajishangaa. Halafu mgugumio ukapungua. Ukawa kama mlango unaogongwa mbali. Baadaye nikawa sina hakika kama nausikia au naukumbuka. Rukia akazima redio, akafungua vioo vyote, akakata kona kali kabisa, na gari likazunguka kimya, tukasikia mchanga tu chini ya matairi.

Mzee Seif alivuka uwanja akaja mpaka niliposimama.

"Kwa hiyo litakwenda."

"Litakwenda," nikamwambia. "Kwa upande wa difu, naapa."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila kuaga. Mtu wa adabu kama yule kuondoka bila kuaga, niliyabeba mpaka nyumbani.

Siku ya mbio nilikuwa Ngarambe tangu asubuhi, kwenye turubai la mafundi, pembeni ya barabara. Magari yalikuwa yanaachiliwa moja baada ya jingine, unalisikia porini kabla hujaliona. Nilijua lililotangulia la Rukia na linalomfuata. La mbele likapita. Kisha likapita lililotakiwa kuwa nyuma yake. Nikasimama. Likapita jingine. Mtu mwenye redio ya mawasiliano alikuwa mbali nami, na sikuthubutu kumwendea. Nilikuwa naangalia barabara na kuisikia sauti yangu mwenyewe ikisema naapa. Mkikutwa na saa kama ile mtaelewa kwamba ufundi si mikono tu.

Likatokea. Lilikuwa limejaa vumbi, linaegemea upande, tairi la mbele limechanika kabisa, Rukia na yule binamu yake, aliyekuwa akimsomea njia, wakicheka ndani kama watoto. Jiwe, wakasema. Jiwe tu. Walibadilisha tairi, likapasuka la pili, wakaja nalo hivyo hivyo. Hawakushinda chochote. Walimaliza, basi.

Nikalala chini ya gari kabla hata halijapoa. Rukia alikuwa akizungumza na watu, mimi nilitaka kuona kitu kimoja. Nilifungua ya kujazia, nikafungua ya kumwagia, oili ikatoka ya moto, imebadilika rangi kidogo, inapita laini kama asali, bila hata kumetameta kwa chembe za chuma. Niliigeuza sumaku kwenye jua. Uji mwembamba wa kijivu. Nikalala pale chini nikiishika, sikutaka kutoka.

Nikaona miguu na pindo la kanzu. Alikuwa amepanda pikipiki ya kukodi kutoka barabara kuu mpaka kule porini, pindo lote lilikuwa jekundu kwa vumbi.

"Vipi ndani?" akauliza Mzee Seif.

"Nzima," nikamwambia. "Haina hata alama."

Nikasikia magoti yake yakilia, kisha yule mzee akakaa chini, juu ya vumbi lile lile, na kanzu yake nyeupe, mgongo akauegemeza kwenye gurudumu la gari la mwanawe. Akavuta pumzi ndefu. Nami nikatoka chini ya gari nikakaa karibu naye, na hatukuinuka mpaka Rukia alipokuja kututafuta.